Kofia ya Kauboi, Mfuko wa Kitambaa

Texarkana ni mji mmoja wenye serikali mbili. Barabara ya State Line inaukata katikati: magharibi yake ni Texas, mashariki yake ni Arkansas, na jengo la posta na mahakama ya shirikisho limesimama juu ya mpaka wenyewe, mguu huku, mguu kule. Kila upande una meya wake, polisi wake, na sherifu wa wilaya yake, wa Bowie kwa Texas na wa Miller kwa Arkansas. Siku za kawaida wageni hupiga picha wakiwa wamesimama katika majimbo mawili kwa mpigo, wakacheka, wakaenda zao. Mwaka 1946 mpaka huo haukumchekesha mtu.

Usiku wa tarehe 22 Februari mwaka huo, kijana na msichana waliokuwa wameegesha gari kwenye njia ya pembeni walivamiwa na mtu mwenye tochi na bastola. Walipigwa vibaya lakini hawakufa. Walipohojiwa walipishana hata kuhusu rangi ya ngozi ya mtu huyo, maana mwanga wa tochi ulikuwa umewapiga machoni. Kilichosalia katika kumbukumbu ya mji kutokana na maelezo yao ni kitambaa cheupe kilichofunika kichwa chote, kimetobolewa sehemu ya macho na mdomo. Mwezi mmoja baadaye, 24 Machi, watu wengine wawili walikutwa ndani ya gari lao wameuawa kwa risasi. Usiku wa kuamkia 14 Aprili ikawa zamu ya wadogo zaidi: msichana wa miaka 15 aliyekuwa ametoka kupiga saksafoni kwenye dansi, na rafiki yake wa kiume. Miili yao ilikutwa sehemu mbili tofauti, si mbali na bustani ya Spring Lake. Kisha 3 Mei, safari hii upande wa Arkansas, mkulima aliyekuwa amekaa kitini nyumbani kwake alipigwa risasi kupitia dirishani. Mkewe alikimbilia simu, naye akapigwa risasi mbili za uso. Alitoka mbio usiku ule ule, damu ikimchuruzika, akafika kwa jirani, akapona.

Wiki kumi, watu wanane, watano wamekufa. Magazeti ya mjini yakampa muuaji jina la Mzuka. Madukani kufuli, mapazia na bunduki vikawa vya kugombewa, baadhi ya familia zikahamia hotelini, na biashara za usiku zikaamriwa kufunga mapema. Jua likielekea kuzama, kila mtu alikuwa ameshajua atalala wapi na nani ana funguo.

Texas ikamleta mtu wake. Kapteni Manuel Gonzaullas alikuwa mkuu wa kikosi cha Texas Rangers kilichokuwa na makao Dallas, mzaliwa wa Cádiz, Hispania, na kwa watu alijulikana kama Mbwamwitu Mpweke. Alikuwa nadhifu, kofia yake safi, bastola zake za kutazamwa, na waandishi wa habari walimzunguka kama nzi kwenye kisu cha nyama. Kwenye redio aliwaambia wakazi wakague komeo za milango na wawe na bunduki ya marisau karibu. Tangu 1933 Wamarekani walikuwa wakimsikiliza redioni Lone Ranger, shujaa wa Texas aliyepanda farasi mweupe na kuvaa barakoa ili kutetea haki. Texarkana ilipata mambo hayo kinyume: mwenye barakoa ndiye aliyekuwa anaua, na Ranger aliyekuja kumtafuta alikuwa na uso wazi, akipiga picha na kila gazeti.

Hakumpata. Miezi ikapita, msako ukapoa, Rangers wakarudi walikotoka. Mwizi mmoja wa magari alikamatwa kiangazi cha mwaka huo, na mkewe akatoa maelezo ya kumhusisha na mauaji, kisha akayakana. Mtu huyo alifungwa kama mhalifu sugu kwa wizi wa gari, hakuwahi kushtakiwa kwa kuua, na jalada halikufungwa. Gonzaullas alistaafu 1951, akaenda Hollywood kuwa mshauri wa vipindi vya redio, filamu na televisheni, kikiwemo kile cha Tales of the Texas Rangers. Askari aliyeshindwa na kesi kubwa kuliko zote alizopata kushika akawa anawafundisha waigizaji namna Ranger anavyoshinda. Sisemi hivyo kwa kumdhihaki. Kazi ya picha za kauboi ilikuwa ndiyo hiyo, kuimaliza ile hadithi ambayo maisha yaliiacha katikati.

Mwaka ule wa mauaji, mtoto mmoja aitwaye Charles B. Pierce alikuwa na umri wa miaka saba. Alizaliwa Indiana mwaka 1938, akakulia Hampton, mji mdogo wa Arkansas, na utu uzima ukamkuta Texarkana akiendesha shughuli ya matangazo na kuigiza kwenye kipindi cha watoto cha televisheni. Hakusomea filamu. Alijua kamera kwa sababu alizitumia kutengeneza matangazo, na alijua watu kwa sababu aliishi nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alimwendea mfanyabiashara wa matrela ya malori, mmoja wa wateja wake wa matangazo, akamwomba pesa za kutengeneza filamu kuhusu dude lenye manyoya lililosemekana kuonekana kwenye mabwawa ya Fouke, kusini mwa Texarkana. Wanafunzi wa sekondari wakawa wasaidizi wake wa kamera na sauti, na wakazi wa Fouke wakaigiza wakiwa wao wenyewe. The Legend of Boggy Creek iligharimu takriban dola 160,000. Hakuna kampuni iliyoitaka, kwa hiyo Pierce alikodi ukumbi wa sinema mjini mwake akaanza kuionyesha mwenyewe mwaka 1972, na foleni ikazunguka jengo. Inakadiriwa kwamba mapato yake yalipita dola milioni 20.

Baada ya hapo angeweza kuhamia California na kuvaa miwani ya jua kama wengine. Alibaki kusini, akajitosa kwenye mapenzi yake ya kweli, ambayo hayakuwa majini wala mazimwi. Pierce alipenda picha za kauboi. Winterhawk ya 1975 aliipigia kwenye milima ya Montana, The Winds of Autumn ikafuata 1976, na Grayeagle ikaja 1977. Katikati ya hizo alifanya kazi ya kupamba seti kwenye The Outlaw Josey Wales ya Clint Eastwood. Kwa hiyo alipoamua, katika kiangazi cha 1976, kuigeuza hofu ya Texarkana kuwa filamu, alikuja na mkono wa mtu aliyezoea kuweka farasi na upeo wa macho ndani ya skrini pana. Mwandishi wake alikuwa Earl E. Smith, aliyemwandikia Boggy Creek. Bajeti ilikuwa dola 400,000 hivi, na kazi ya kupiga picha ilichukua wiki chache tu, ndani ya Texarkana na vitongoji vyake. Jina waliloipa lingefaa kabisa kwenye bango la kauboi: The Town That Dreaded Sundown, mji uliohofia machweo.

Halafu akamchukua Ben Johnson.

Hapa inabidi kusimama kidogo, maana bila Johnson filamu hii ingekuwa kitu kingine. Alizaliwa Foraker, Oklahoma, mwaka 1918, mtoto wa mfuga ng'ombe. Alifika Hollywood akiwa anasindikiza farasi walionunuliwa kwa ajili ya filamu ya Howard Hughes, The Outlaw, na alipoona mshahara wa huko hakurudi. Kwa miaka kadhaa alikuwa mtu wa kuanguka kutoka kwenye farasi badala ya nyota. Wakati wa kupiga Fort Apache, farasi wa gari moja walitimka na watu ndani yake, Johnson akawakimbiza akawazuia, na mwongozaji John Ford, mzee asiyejua kusifu, akampa mkataba. Tangu She Wore a Yellow Ribbon ya 1949 hadi Wagon Master na Rio Grande za 1950, ukimwona mtu amekaa juu ya farasi kama amezaliwa hapo, huyo ndiye Johnson. Mwaka 1953 aliacha filamu akaenda kushindana kwenye rodeo, akawa bingwa wa dunia wa kukamata ng'ombe kwa kamba wawili wawili, na akarudi bila akiba ya maana. Aliigiza The Wild Bunch mwaka 1969, ambamo makauboi wazee wanachakazwa kwa risasi, na kwa The Last Picture Show ya 1971 akatwaa Oscar, akiigiza mzee mwenye ukumbi wa sinema unaokufa kwenye mji mdogo wa Texas. Mwili wake mmoja ulibeba historia nzima ya picha za kauboi, tangu ujana wake hadi mazishi yake.

Pierce akamvika kofia na kumwita Kapteni J. D. Morales, Mbwamwitu Mpweke wa Texas Rangers. Gonzaullas halisi alikuwa bado hai Dallas, na alifariki Februari 1977, miezi miwili tu baada ya filamu kutoka. Pembeni ya Johnson alisimama Andrew Prine kama naibu sherifu Ramsey. Naye alikuwa na vumbi la rodeo kwenye wasifu wake, kupitia tamthilia ya televisheni ya Wide Country. Mzuka aliigizwa na Bud Davis, ambaye kazi yake hasa ilikuwa ile ile aliyoanzia Johnson, ya kuanguka na kupigwa kwa niaba ya wengine. Hatuuoni uso wake hata mara moja.

Waliokulia kwenye mabanda ya video ya kwetu wanaijua katiba: steringi hafi, na adui hapiti dakika ya mwisho. Johnson anapoingia mjini, kila mtazamaji wa 1976 alikuwa na uhakika huo huo. Anatembea taratibu, anaongea kidogo, anatoa amri na watu wanazitii. Kamera inampiga kutoka chini kidogo ili kofia iguse anga. Msimulizi, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, anatuhakikishia kwamba huyu ndiye mpelelezi bora Texas nzima. Kisha tunaona anachoweza kufanya, nacho ni kidogo mno. Anapanga doria. Anawavika polisi mavazi ya kike na kuwaketisha kwenye magari wawe chambo. Anasikiliza mtaalamu wa saikolojia, aliyeigizwa na Earl Smith mwenyewe, akimwambia kwamba huenda mtu huyu asipatikane kamwe. Ujuzi wote wa kauboi umejengwa juu ya adui mwenye jina, mwenye genge, mwenye anachokitaka, ambaye mwishowe atatoka hadharani. Mzuka hataki fedha wala ardhi, hana kisasi kinachojulikana, wala hatoki hadharani. Ben Johnson ana bastola na hana wa kumlenga.

Muuaji huyo ametengenezwa kwa vitu vya bei ya chini kabisa. Mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili, ovaroli na buti, basi. Hasemi neno. Pierce aligundua jambo ambalo fedha haiwezi kununua: kitambaa kikikaa karibu na mdomo, kinafuata pumzi. Kinavutwa ndani, kinashika umbo la midomo, kinatoka nje tena, haraka zaidi kadiri anavyomkaribia mtu. Macho ndani ya matundu yale yanang'aa na kutulia. Nimeona filamu zilizotumia mamilioni kutengeneza sura za mpira na rangi, na sijaona iliyonikera roho kama mfuko ule unaopumua.

Tukio linalotajwa zaidi ni la tromboni. Vijana wawili wanatoka dansini, msichana ndiye mpiga tromboni, wananaswa. Mzuka anamfunga msichana kwenye mti, anafunga kisu kwenye ncha ya bomba la tromboni, lile linalovutwa na kusukumwa, anaweka mdomo kwenye chombo na kuanza kukipuliza. Kila anapolisukuma bomba mbele, kisu kinamwingia msichana mgongoni. Ni kitu cha ajabu, nusu kichekesho nusu jinamizi, na wapo wanaokicheka hadi leo. Mimi nakiona kichafu kwa sababu nyingine. Msichana halisi wa 1946 alipigwa risasi, si kisu, na chombo chake kilikuwa saksafoni, ambayo ilipatikana vichakani miezi kadhaa baada ya kifo chake. Filamu inafunguka kwa kuapa kwamba mambo yote ni ya kweli, yalivyotokea na yalipotokea, na kwamba majina pekee ndiyo yamebadilishwa. Baada ya kiapo hicho, mtu akibuni mateso ambayo hayakuwahi kuwapo na kumvisha mtoto aliyekufa kweli, amechukua kitu ambacho hakikuwa chake.

Upande wa pili, tukio la nyumba ya shambani ni la ustadi mtupu. Mke anaigizwa na Dawn Wells, ambaye Amerika nzima ilimjua kama Mary Ann mchangamfu wa Gilligan's Island, na ambaye Pierce alikuwa ameshafanya naye kazi katika Winterhawk. Mume yuko kitini. Kioo kinavunjika. Mke anaingia, anaona, anashika simu, na risasi zinampata usoni. Tangu hapo hakuna muziki wa kumsaidia mtazamaji kujua aogope kiasi gani. Kuna mwanamke anayetambaa kati ya mahindi, na mtu mwenye buti anayemtafuta bila haraka. Pierce amelipiga tukio hilo kwa upana, shamba limejaa skrini yote, kama vile John Ford angempiga mpanda farasi jangwani. Tofauti ni kwamba ile nafasi kubwa, ambayo kwenye kauboi ilimaanisha uhuru, hapa inamaanisha kwamba hakuna mtu wa kusikia.

Kati ya matukio hayo Pierce akaweka vichekesho, na akajipa yeye mwenyewe nafasi ya mchekeshaji. Ndiye konstebo Benson, dereva wa Kapteni Morales, ambaye hupoteza funguo, huvaa gauni kwenye doria ya chambo, na huliingiza gari majini. Watu wamemlaumu sana kwa hilo, na kwa haki: unatoka kuona msichana akifa, unaletewa muziki wa sarakasi. Lakini picha za kauboi za zamani zilikuwa na mzee mlevi au naibu mjinga wa kuchekesha kati ya risasi na risasi, na Pierce alikuwa anafuata mapishi aliyoyazoea. Hakujua, na wakati huo hakuna aliyejua, kwamba alikuwa anapika chakula kingine.

Mwisho unakuja mchana. Morales na Ramsey wanaliona gari linaloshukiwa, wanaingia msituni kwa miguu, na kwenye machimbo ya mchanga wanamkuta Mzuka amesimama, mfuko kichwani, jua linawaka. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho steringi na adui kuonana. Wanamfyatulia risasi, anakimbia, anavuka reli mbele ya treni inayokuja, na treni ikiwa inapita kati yao wanaendelea kupiga kupitia nafasi za mabehewa. Risasi moja inampata mguuni. Treni ikiisha, hayupo. Kuna bwawa, kuna miti, na mbwa wa msako hawaambulii kitu. Farasi wa chuma, ambaye katika picha elfu moja za kauboi ndiye aliyeleta sheria na ustaarabu Magharibi, hapa anampa muuaji kinga ya kutorokea. Sidhani kama Pierce alikaa chini akapanga fumbo hilo. Alikuwa na reli, akaitumia. Kisha filamu inaruka hadi 1976 yenyewe: watu wamepanga foleni sinema kuitazama filamu hii hii ya Mzuka, na kamera inashuka kwenye miguu yao, ikatuonyesha buti tunazozijua.

American International Pictures ndiyo iliyoisambaza, Desemba 1976. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na James Nicholson na Samuel Arkoff, iliishi kwa kuwauzia vijana hofu ya bei nafuu, hasa kwenye viwanja vya sinema ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao. Fikiria filamu hii mahali pale: usiku, magari yameegeshwa safu kwa safu, wapenzi ndani yake, na kwenye skrini mtu mwenye mfuko akifungua boneti ya gari lililoegeshwa na wapenzi ndani yake. Hakukuwa na haja ya matangazo. Lakini matangazo yalikuwapo, na yalidai kwamba muuaji wa 1946 bado anazurura kwenye mitaa ya Texarkana. Viongozi wa mji walikasirika na kutishia mahakama. Ilikuwa miaka 30 tu, na wazazi na ndugu wa waliokufa walikuwa bado wanakwenda sokoni na kanisani mle mle. Mwaka 1978 ndugu wa mmoja wa wasichana waliouawa alifungua kesi ya zaidi ya dola milioni moja, akidai filamu ilimwonyesha dada yake kama mtu aliyeacha shule na mwenye tabia mbaya, jambo ambalo halikuwa kweli. Alishindwa mahakamani.

Nairudia tarehe ya filamu kwa sababu ina uzito. 1976 ndiyo mwaka wa The Shootist, filamu ya mwisho ya John Wayne, ambamo mpiga bastola mzee anakufa kwa saratani na risasi. Wamarekani walikuwa wametoka Vietnam mwaka mmoja nyuma, na rais wao alikuwa amejiuzulu kwa kashfa. Askari mwenye kofia nyeupe hakuaminika tena kirahisi. Mwaka huo huo kijana mwingine asiye na pesa, John Carpenter, alitoa Assault on Precinct 13, ambayo ni Rio Bravo ya Howard Hawks iliyohamishiwa kwenye kituo cha polisi Los Angeles. Kama mhariri alijiandika John T. Chance, jina la sherifu aliyeigizwa na Wayne. Miaka miwili baadaye Carpenter akatengeneza Halloween kwa fedha pungufu ya zile za Pierce, na dunia ikapata rasmi filamu za slasha, zile ambazo mtu aliyeficha uso anawamaliza vijana mmoja mmoja. Ukiitazama kwa jicho hili unaona mifupa ile ile: mji mdogo wenye amani, sherifu asiyeelewa kinachomkabili, mgeni mwenye bastola anayesema ukweli, na muuaji asiyesema neno anayepigwa risasi na mwili wake usionekane. Wanahistoria wa filamu hutaja Psycho, hutaja Black Christmas na The Texas Chain Saw Massacre za 1974, na wako sahihi. Ila mzazi huyu mwingine, kauboi aliyeshindwa kazi, huwa hatajwi kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mwaka 1981, Friday the 13th Part 2 ilipomtoa Jason kwa mara ya kwanza kama muuaji mtu mzima, alikuwa hajapata ile barakoa ya mpira wa magongo. Alikuwa na mfuko wa kitambaa kichwani, tundu moja la jicho, na ovaroli. Anayetaka kuamini ni bahati tu, aamini.

Pierce hakunufaika na wimbi hilo. Alitengeneza The Norseman, kuhusu maharamia wa kaskazini, kisha The Evictors ya 1979, yenye nyumba na hofu, lakini slasha zenyewe ziliwatajirisha wengine. Jina lake lilirudi kwenye skrini kubwa mwaka 1983, pale yeye na Smith walipotajwa kama waandishi wa hadithi ya Sudden Impact, ambayo Clint Eastwood aliiongoza na kuiigiza kama Harry Callahan, askari wa jijini mwenye tabia zote za kauboi. Humo muuaji ni mwanamke aliyebakwa, anayewawinda waliomfanyia hivyo, na askari, akishaujua ukweli, anamwachia aende. Katika muda wa miaka saba wawili hao walikuwa wametoka kwenye askari asiyeweza kumkamata muuaji hadi askari asiyetaka kumkamata.

Texarkana nayo ilibadilika. Tangu 2003 idara ya bustani za mji imekuwa ikiionyesha The Town That Dreaded Sundown hadharani karibu na Halloween, na mahali ilipochagua ni bustani ile ile ya Spring Lake. Familia huja na viti vya kukunja, watoto wanakimbizana kwenye majani. Toleo jipya la diski lilitoka 2013, na mwaka uliofuata Alfonso Gomez-Rejon, kwa utayarishaji wa Ryan Murphy na Jason Blum, akaongoza filamu nyingine yenye jina lile lile: muuaji mwenye mfuko anaibuka usiku ambao filamu ya 1976 inaonyeshwa, na anaiga mauaji yake, tromboni ikiwemo. Kwa muuaji huyu mpya, chanzo cha kunakili si kesi, ni filamu.

Pierce alikuwa ameshafariki, Machi 2010, huko Tennessee. Ndani ya filamu hiyo mpya yumo mhusika wa kubuni anayetambulishwa kama mtoto wake, aliyeigizwa na Denis O'Hare, mtu aliyezama kwenye kesi ya 1946 na mwenye nadharia yake juu ya nani alikuwa chini ya kitambaa. Anaieleza kwa kujiamini kabisa. Kama nadharia nyingine zote zilizowahi kutolewa pande mbili za barabara ya State Line, haina ushahidi wa kumfikisha mtu kizimbani.